Sanduku la picha za babu liko kwa baba mkubwa, na humo mna siri. Nifanyeje?

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, ila kwetu hasa ni Ujiji. Marehemu babu mzaa baba alikuwa mchochea moto kwenye meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, baadaye akahamishiwa kazi za bandarini mpaka akastaafu. Alifariki nikiwa mdogo sana, sura yake naijua kwa picha tu. Bibi yupo, Alhamdulillahi, ila umri umekwenda na macho yameanza kuingia ukungu.

Picha zote za babu zimo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha baba mkubwa. Ziko za studio, za kazini, za harusi, nyingine zimegandia kwenye albamu ile ya kurasa za gundi. Mara ya mwisho nilizipekua kwenye msiba wa baba yangu. Nilikuta baadhi zina madoa meupe na nyingine zimeshikana. Tangu hapo nimekuwa na wazo la kutengeneza kitabu cha familia, picha na maelezo yake, kichapwe kwa jalada gumu na kila nyumba ipate nakala. Nilitaka kiwe tayari Idd ijayo tukikutana wote.

Nilipomweleza baba mkubwa alikataa katakata. Kuna ndugu aliazima picha wakati wa hitima ya babu na hazijarudi mpaka leo, kwa hiyo sanduku halitoki tena nyumbani kwake. Binamu yangu wa Dar anasema tusihangaike, nimpigie chache kwa simu na yeye atazisafisha kwa programu ya akili mnemba. Moja alishaifanyia majaribio: babu amekuwa mweupe, meno yote yapo, na kavaa suti ya bluu. Watoto walifurahi. Bibi alipoonyeshwa akauliza, "Huyu nani?"

Lililo zito ni hili. Humo sandukuni kuna picha ya mwanamke amempakata mtoto. Sote tunajua, ingawa hakuna anayelitamka, kwamba babu alioa mke wa pili Mpulungu, upande wa Zambia, enzi za safari za meli, na watoto wapo. Mmoja alikuja kwenye msiba wake, akalala siku chache, akaondoka. Baba mdogo amenipigia simu kuniambia nikithubutu kuiweka picha hiyo, nyumba yake isihesabiwe kwenye kitabu. Shangazi yangu naye anasema nisipoiweka nitakuwa nimedhulumu watu. Bibi sijathubutu kumuuliza.

Halafu nyuma ya picha kadhaa, hiyo ikiwemo, kuna maandishi ya herufi za Kiarabu. Nilimpa kijana mmoja anayejua Kiarabu vizuri, akasema hayana maana yoyote.

Nianzie wapi, Anti? Naogopa kuvuruga familia kwa ajili ya kitabu.

Mjukuu, Ujiji

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako, na baba yako pia.

Nianze na Bibi, maana haraka yote iko kwake. Picha zilizokaa sandukuni miaka 50 zitavumilia miezi michache zaidi mkizitendea vizuri. Majina ya watu waliomo humo, nani ni nani na alikuwa nani kwa nani, kwa sehemu kubwa anayo mtu mmoja, na umesema mwenyewe macho yake yanafifia. Kwa hiyo ile tarehe ya Idd iachilie. Kitabu kije mwishoni kabisa, hata kikitoka mwakani hakuna kilichoharibika. Kabla ya yote mpelekeni Bibi hospitali ya Maweni akaangaliwe. Ukungu wa macho kwa mzee mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Wengi huwaacha wazee wao gizani kwa kudhani ni uzee tu.

Ukikaa naye, usimwambie akusimulie historia ya familia. Mzee ukimuuliza hivyo atakwambia "zamani tulikuwa tunaishi vizuri" na mazungumzo yataishia hapo. Mpe picha moja mkononi, au ikuze kwenye simu kama haioni, umuulize vitu vidogo. Gauni hili alishona nani? Kiti hiki kilikuwa cha studio au cha nyumbani? Huyu aliyekatwa pembeni, mkono tu ndio unaoonekana, alikuwa nani? Khanga aliyojifunga huyu mama imeandikwa nini? Maandishi ya khanga mara nyingi husomeka ukikuza picha, na kina mama hukumbuka khanga ilitoka lini na nani aliwanunulia kuliko wanavyokumbuka tarehe ya ndoa. Jibu moja litavuta jingine. Rekodi sauti kwa simu, uilaze juu ya nguo iliyokunjwa karibu naye, feni izimwe, redio ya jirani ukiweza uiombee utulivu. Nusu saa asubuhi baada ya chai inatosha. Akichoka nyamaza, mrudie siku nyingine.

Miaka hataijua kwa namba, nawe usimlazimishe. Muulize kwa matukio: ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa? Wakati wa vita vya Kagera mtoto huyu alikuwa anatembea? Ukishapata 1961, 1967 na 1978 kama vigingi, mengine utayafunga katikati.

Picha za kazini nazo zitakusaidia zenyewe. Tazama kofia na vifungo vya sare ya babu. Ukiona herufi EAR&H, hilo ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 na kugawanywa 1969 reli ikawa mbali na bandari mbali. Sare ya picha hiyo basi ni ya kati ya miaka hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, likaja Shirika la Reli Tanzania, na alama zikabadilika. Liemba yenyewe ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina tunalolijua. Ilikwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Meli ya dizeli haina tanuri la kuchochewa moto. Muulize Bibi kama kuhamishwa kwa babu bandarini kuliangukia wakati huo; akikubali, utakuwa umepata mwaka na sababu kwa pamoja, nayo ni kurasa nzuri ya kitabu.

Sasa baba mkubwa. Mtu huyu hajakosea, na naomba uanze kwa kumwambia hivyo. Picha zilizoazimwa wakati wa hitima zimepotea, zilizobaki zipo kwa sababu yeye alikataa. Kwa hiyo usimwombe sanduku. Mwombe nafasi ya kukaa naye barazani kwake, asubuhi moja baada ya nyingine, yeye akilifungua kwa mkono wake, akitoa picha moja moja na kuirudisha mwenyewe. Kazi yako ni kupiga na kuandika. Mkono mtupu haulambwi, nenda na sukari na majani ya chai, au samaki wa mgebuka wa asubuhi kama unapita mwalo wa Kibirizi. Mwambie pia kwamba ukurasa wa kwanza wa kitabu utamtaja yeye kuwa mtunzaji wa picha. Akisita bado, mtumie Bibi. Neno la mama yake atalisikia.

Mkiwa hapo barazani, fanya hivi. Nawa mikono ukauke kabisa, shika picha kwa kingo, usiguse uso wake. Ilaze juu ya shuka jeupe kwenye kivuli chenye mwanga karibu na mlango, jua lisiipige, flashi izimwe, futa kioo cha kamera, na simu iwe sambamba na picha ili kingo zisipinde. Piga mbele, kisha geuza upige nyuma. Nyuma ndiko kuliko na mihuri ya studio, tarehe, salamu, na hayo maandishi unayosema. Kila picha ipe namba kwenye kaunta buku, namba hiyohiyo iwe jina la faili kwenye simu, na chini yake uandike Bibi alisema nini na baba mkubwa alisema nini. Wakitofautiana andika yote mawili na jina la aliyesema. Usiandike kwa biro nyuma ya picha: wino hupenya, na mgandamizo wa kalamu huonekana upande wa pili. Penseli laini pembezoni kwa picha za karatasi, na zile za miaka ya karibuni ambazo mgongo wake ni kama plastiki, namba ikae kwenye karatasi uliyoifungia.

Zilizoshikana usizivute. Uso wa picha ndio utakaobanduka, na ukishabanduka haurudi. Piga ya juu jinsi ilivyo, uziache. Utasikia watu wakisema uziloweke kwenye maji. Kuna zinazopona kwa njia hiyo, na kuna zinazofutika, hasa zile zilizotiwa rangi kwa mkono studio, kwa hiyo wewe usijaribu. Zilizo kwenye albamu ya gundi, kama uzi mwembamba wa nailoni unapita chini yake taratibu bila kukwama, sawa. Ukikwama, piga picha ukurasa mzima na uziache hapohapo. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu ipigwe juu ya kioo, ukiinamisha kidogo kuepuka mng'ao.

Madoa meupe huenda ni kuvu. Itoe picha nje kwenye kivuli mpaka ikauke, upanguse kwa brashi laini kavu, umefunga pua na mdomo. Kitambaa kibichi wala spiriti visiguse. Kwetu mvua zinaanza Oktoba na kwenda mpaka Mei, na hewa ya ziwani haikauki upesi, kwa hiyo mfuko wa nailoni uliofungwa ni adui: unyevu ukiingia hautoki. Kila picha ifungwe kwa karatasi nyeupe isiyoandikwa, gazeti hapana. Sanduku la bati ni zuri, mende na mchwa wanashindwa, ila liinuliwe juu ya matofali au mbao na lisogezwe mbali na ukuta wenye unyevu. Hiyo itakuwa zawadi yako ya kwanza kwa baba mkubwa, na hutakuwa umechukua kitu.

Picha za simu zinatosha kwa kumbukumbu. Zile utakazochagua kwa ajili ya kitabu ni afadhali ziskaniwe steshenari, baba mkubwa akiwepo kama anataka, na zirudi sandukuni siku hiyohiyo. Waambie nukta 600 kwa inchi. Uchapaji mzuri unahitaji 300, kwa hiyo picha ndogo ya studio iliyoskaniwa kwa 600 unaweza kuikuza mara mbili upana na mara mbili urefu bila kupoteza ubora. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, ubora unapotea, na baadaye mtu atakuletea hiyohiyo akidhani ndiyo nakala kamili. Weka nakala sehemu mbili tofauti na ya tatu nje ya Kigoma, kwa huyo binamu wa Dar kwa mfano. Hiyo ndiyo kazi inayomfaa.

Maana ile programu yake, mwanangu, mimi siikubali ndani ya kitabu. Kuondoa mchubuko na vumbi hakuna ubaya. Mashine inayotengeneza uso upya inakisia, haimjui babu yako. Rangi ya ngozi imekisia, meno imekisia, suti imeivisha yenyewe. Jibu umeshapewa na mtu aliyeishi naye: "Huyu nani?" Mtoto wako akikua na sura ile kichwani atakuwa anamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Binamu akishikilia, iwekeni moja tu ya rangi, pembeni ya ile halisi, na maelezo wazi chini yake kwamba rangi zimetiwa na kompyuta.

Hayo maandishi usiyakatie tamaa. Wazee wengi wa Ujiji walisoma chuoni, yaani madrasa, na Kiswahili chao walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Anayetafuta maneno ya Kiarabu humo hatayapata. Mtafute mwalimu wa madrasa mtu mzima, umwombe asome kwa sauti tu, herufi moja baada ya nyingine, nawe usikilize Kiswahili. Mjue pia kwamba Kiarabu hakina herufi za sauti zetu zote: p mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b, g kwa ghaini, v kwa f, na ile m au n inayotangulia herufi nyingine mara nyingi iliachwa. Mpulungu unaweza kukuta imeandikwa kitu kinachosomeka kama Bulughu. Kama panatajwa Rodesia, picha ni ya kabla ya Oktoba 1964, maana Zambia ilipata uhuru mwezi huo na kabla yake iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Ile ya mama na mtoto isomwe ukiwa na mwalimu peke yako, usiipeleke mbele ya baraza la watu.

Na sasa nimfikie huyo mama.

Watoto wa Mpulungu ni damu ya babu yako, na kwenye ukurasa wa nasaba lazima wawepo. Hapo nasimama na shangazi yako. Kitabu kikishachapwa kwa jalada gumu watu hukishika kama ushahidi. Baada ya miaka 30 patatokea suala la kiwanja au la ndoa, mtu atafungua kitabu chako na kusema, "Hawa hawamo." Utakuwa umeamua kesi ya watu bila kuwasikiliza. Babu alioa, hakuiba. Na aliyezitunza picha hizo sandukuni mpaka kufa kwake ni yeye.

Lakini picha na maelezo ni jambo jingine, na mwenye neno hapo ni Bibi, wala si baba mdogo. Ndiye aliyebaki Ujiji na watoto meli ikiwa safarini. Nenda kwake peke yako, siku ambayo hujabeba simu ya kurekodi. Usimwonyeshe picha ghafla. Mwambie: "Bibi, natengeneza kitabu cha babu, na sitaki kuandika lolote litakalokuumiza. Wa Mpulungu niwaandikeje?" Halafu unyamaze. Huenda akashangaa kwamba mlikuwa mnamficha kitu alichokijua kabla hamjazaliwa. Huenda akalia, na hilo pia ni jibu. Akisema picha iwekwe, iwekwe, na maelezo mafupi: jina la mama, mahali, majina ya watoto. Ugomvi wao, wivu wao, nani alimfuata nani, hayo si ya kuchapwa. Akisema picha isiwekwe, basi isiwekwe akiwa hai, majina yabaki kwenye nasaba, na picha ikae sandukuni ikiwa na namba yake kwenye kaunta buku. Hujamdhulumu mtu.

Baba mdogo usijibizane naye, wewe ni mtoto kwake. Bibi akishasema, mwombe baba mkubwa au shangazi amfikishie. Mtu aliyetishia kutohesabiwa anahitaji mlango wa kurudia, na mkubwa wake ndiye anayeweza kumfungulia.

Kisha mtafuteni yule aliyekuja msibani. Namba yake atakuwa nayo mtu. Babu alikuwa na nyumba mbili, na nyumba ya pili nayo ina sanduku lake. Huko kuna picha zake ambazo ninyi hamjapata kuziona: babu asiye na sare, babu akiwa na watu msiowajua. Wakizipiga na kukutumia mbele na nyuma, pamoja na majina, kitabu chenu kitakuwa na pande zote mbili za ziwa. Na wao nakala yao waipate kama nyumba nyingine zote.

Kitabu chenyewe kikifika wakati wake ni kazi nyepesi kuliko haya. Kurasa zigawanyike kwa nne, mchapaji atakushukuru. Kishonwe kwa uzi, maana vinavyoshikwa kwa gundi peke yake huachia haraka kwa joto na kufunguliwa mara kwa mara. Karatasi isiyong'aa huonyesha picha za zamani vizuri zaidi. Maelezo chini ya picha yaseme nani, wapi, mwaka gani au karibu na mwaka gani, na nani alisimulia. Walio hai waulizwe kama wanakubali picha zao, hasa kina mama ambao ujana wao walipiga bila mtandio na leo ni mahajati. Tarehe za kuzaliwa za walio hai, namba za NIDA na habari za hati za viwanja zisiwemo.

Chapisha kwanza nakala moja tu ya mfano. Isomewe Bibi neno kwa neno, baba mkubwa akiwepo, na kalamu nyekundu iwe mkononi mwako. Watakurekebishia majina, na pengine watakumbuka mengine ambayo sanduku lilikuwa halijawakumbusha. Ndipo uagize za nyumba zote, na uweke tatu nne za ziada kwa watoto ambao hawajazaliwa. Hitima, harusi au Idd, yoyote itakayofika kwanza baada ya hapo, itafaa.

Ukipata majibu ya Bibi niandikie. Ukurasa wa nasaba wenye nyumba mbili una namna yake ya kupangwa ili asionekane mtu kawekwa chini ya mwingine, na huo nitakusaidia kuuchora.

Anti